Mwaka Usioaminika: Dola za Fedha za Mwanzo za Marekani na Namna ya Kuzithamini



Mwezi Septemba 1835 manowari ya Marekani iliyoitwa Peacock ilitia nanga Unguja. Ndani yake alikuwamo mjumbe Edmund Roberts, safarini kwenda Maskati kukamilisha mkataba wa biashara aliotiliana saini na Sayyid Said bin Sultan tarehe 21 Septemba 1833. Miongoni mwa zawadi alizopewa ampelekee Sayyid lilikuwamo sanduku la sarafu za Marekani, na katika sarafu hizo dola moja ya fedha iliyoandikwa mwaka 1804. Agosti 2021, dola ambayo wataalamu wanaitambua kuwa ndiyo ile ya Sayyid iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 7.68.

Mwaka ulioandikwa juu yake si wa kweli. Dola ile ilifuliwa 1834, miaka thelathini baada ya tarehe inayoitangaza. Wala si kwamba ni bandia: ilitoka katika kiwanda halali cha serikali, kwa amri ya serikali, ikapelekwa kwa mtawala wa nchi rafiki kwa heshima zote.

Nimeichagua sarafu hii iwe mlango wetu kwa sababu inavunja mazoea mawili ya watu wanaoanza kukusanya sarafu. Wa kwanza hutazama madini, akapima gramu za fedha. Wa pili hutazama mwaka, akahesabu umri. Hoja yangu ni kwamba bei ya sarafu ya kale hujengwa juu ya ushahidi: jinsi ilivyofuliwa, mikono iliyopitia, na hati zinazothibitisha hayo. Mwaka ulioandikwa ni dai tu, na dai husikilizwa kisha hupimwa.

Dola iliyosubiri dhamana

Sheria iliyoanzisha sarafu za Marekani ilipitishwa tarehe 2 Aprili 1792. Iliagiza dola yenye thamani sawa na dola ya Kihispania, ile sarafu ya reale nane iliyofuliwa kwa fedha ya Mexico na Peru na kuzunguka bahari zote za dunia. Wamarekani wenyewe waliitumia kila siku, na iliendelea kuwa fedha halali nchini mwao hadi 1857. Dola mpya ilipangiwa uzito wa gramu 26.96, na ndani yake gramu 24.06 za fedha safi; kilichobaki kilikuwa shaba.

Kiwanda kilijengwa Philadelphia na kukabidhiwa David Rittenhouse, mtaalamu wa nyota na fundi wa saa. Senti za shaba zilitoka mapema, lakini fedha haikuguswa. Sheria ilimtaka mfua sarafu mkuu, Henry Voigt, na mpimaji wa madini, Albion Cox, kila mmoja aweke dhamana ya dola 10,000 kabla ya kushika madini ya thamani. Mshahara wa kila mmoja ulikuwa dola 1,500 kwa mwaka. Dhamana hiyo haikuwezekana, na kiwanda cha taifa kikakaa bila kufua hata dola moja mpaka Bunge lilipoipunguza mwezi Machi 1794.

Tarehe 15 Oktoba 1794 dola 1,758 zilikabidhiwa, na hizo ndizo dola zote za mwaka ule. Mashine iliyozifua ilitengenezwa kwa ajili ya sarafu ndogo zaidi, nayo haikuwa na nguvu ya kubana kisahani chenye upana wa karibu milimita 40. Mihuri ya chuma iliyopiga picha haikukaa sambamba, kwa hiyo nyota za upande wa kushoto hazikutokeza vizuri. Zilizotoka hafifu kupita kiasi zilikataliwa, na kazi ikasimama hadi mashine kubwa ilipopatikana 1795.

Udhaifu huo leo ni alama ya utambulisho. Mtu akikuletea dola ya 1794 ambayo nyota za kushoto zimesimama kali na wazi kama za kulia, usifurahi haraka. Sarafu ya kweli ina kasoro za karakana yake, na mara nyingi mghushi huzisahau kwa kutaka kutengeneza kitu kizuri. Katika dola zile 1,758, zinazojulikana kuwapo leo ni kama 140 hivi.

Picha mbili, tai wawili

Mchongaji Robert Scot aliweka upande wa mbele sura ya mwanamke anayewakilisha Uhuru. Katika dola za 1794 na 1795 nywele zake zimeachwa huru nyuma ya kichwa. Kabla ya 1795 kwisha picha ilibadilishwa: mwanamke akavikwa kitambaa kifuani na utepe nywelini, na sura hiyo ikaendelea hadi mwisho wa mfululizo. Upande wa nyuma alikaa kwanza tai mdogo ndani ya shada la majani. Mwaka 1798 akaingia tai mkubwa mwenye ngao kifuani, mishale na tawi kuchani. Kwa hiyo dola za 1798 zipo za aina zote mbili.

Thamani ya sarafu haikuandikwa mbele wala nyuma. Iliandikwa ukingoni, kwa maneno ya Kiingereza yanayosema kuwa ni senti mia, dola moja au kipimo kimoja. Maandishi hayo yalipigwa kabla ya picha, kwa kuviringisha kisahani kitupu kati ya vyuma viwili vyenye herufi. Anayetazama dola ya zamani akaishia nyuso mbili ametazama theluthi mbili ya sarafu. Nawaomba mlikumbuke jambo la ukingo, maana ndilo litakalofumbua fumbo la 1804.

Kuhusu idadi, takwimu za kiwanda zinaonyesha kuwa kwa 1797 zilitoka dola 7,776 tu, ilhali 1799 zilitoka 423,515. Ndiyo maana dola ya 1799 ndiyo mlango wa kawaida wa mkusanyaji mwenye mfuko wa kadiri: zipo nyingi, na iliyochakaa kiasi hupatikana kwa dola elfu chache au pungufu ya hapo.

Takwimu hizo nazo zina mtego. Kiwanda kiliandika idadi ya sarafu zilizotoka ndani ya mwaka, bila kujali tarehe iliyo juu yake. Muhuri wa chuma ulikuwa mali ghali, na mafundi waliendelea kuutumia hata mwaka ulipogeuka, mpaka upasuke. Kwa 1804 vitabu vinaonyesha dola 19,570. Zote zilikuwa na tarehe ya 1803 au ya nyuma zaidi. Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo: karatasi inasema dola za 1804 zilifuliwa, na karatasi haikusema uongo; aliyekosea ni msomaji aliyedhani kuwa mwaka wa kitabu ndio mwaka wa muhuri.

Kwa nini dola zilitoweka

Dola mpya zilikuwa pungufu kidogo ya fedha kuliko dola nzima za Kihispania, lakini visiwani Karibi zilipokewa moja kwa moja. Mfanyabiashara mwerevu aliona njia. Alipeleka dola mpya zinazong'aa visiwani, akarudi na za Kihispania zilizo nzito, akazipeleka kiwandani zifuliwe upya, akabakiwa na ziada. Kiwanda kilimfanyia kazi hiyo kwa gharama ya umma, na nchini hazikubaki dola za kutumia.

Ufuaji wa dola ulisimama mwaka 1804, na Mei 1806 Waziri wa Mambo ya Nje, James Madison, akaandika barua rasmi ya kuuzuia. Kwa kizazi kizima Marekani haikufua dola ya fedha; ilitumia nusu dola na ile ya Kihispania. Nyingi zilizokuwa zimetoka ziliyeyushwa ughaibuni. Uhaba wa leo ulitengenezwa na biashara ile.

Sanduku la Sayyid

Tunarudi sasa kwa Roberts. Alikuwa mfanyabiashara wa New Hampshire aliyefika Unguja miaka ya 1827 na 1828, akakutana na Sayyid Said na kulalamikia masharti yaliyowabana Wamarekani. Biashara yenyewe mnaijua: pembe za ndovu na sandarusi kutoka pwani hii, na kitambaa cha merikani kutoka viwanda vya Massachusetts. Serikali ya Rais Andrew Jackson ikamtuma Maskati na Siam kutafuta mikataba, naye akaipata yote miwili mwaka 1833.

Wakati wa kurudi na hati zilizoidhinishwa, ilibidi apeleke zawadi. Novemba 1834 Waziri wa Mambo ya Nje, John Forsyth, aliagiza kiwanda cha Philadelphia kiandae seti za sarafu za kila aina, ziwekwe katika visanduku vizuri vya ngozi. Tatizo likawa dola ya fedha na dola kumi ya dhahabu: zote zilitajwa na sheria, lakini hazikuwa zimefuliwa tangu 1804. Wakuu wa kiwanda wakafungua vitabu, wakaona mwaka wa mwisho wa dola ni 1804, wakachonga mihuri yenye mwaka huo. Hawakukusudia kumdanganya mtu. Walitaka seti iliyokamilika, na tarehe waliyoona inaafiki kumbukumbu zao.

Safari haikuwa nyepesi. Baada ya kutoka Unguja, Peacock ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, nje ya pwani ya Omani. Ilibidi mizinga itupwe baharini ili meli ielee. Roberts mwenyewe alitangulia Maskati kwa mashua ndogo kuomba msaada. Sarafu zilikabidhiwa kwa Sayyid mapema Oktoba 1835. Za mfalme wa Siam zilifika Bangkok mwaka 1836, na Juni mwaka huo Roberts akafariki Macao akiwa bado kazini.

Kutoka heshima hadi tamaa

Kama mambo yangeishia hapo, dola ya 1804 ingekuwa kumbukumbu ya kidiplomasia tu. Lakini 1842 maofisa wawili wa kiwanda, Jacob Eckfeldt na William Du Bois, walitoa kitabu kuhusu sarafu za mataifa yote, nacho kilikuwa na picha yake. Wakusanyaji wakazinduka: kumbe ipo dola ya 1804! Mei 1843 Matthew Stickney wa Salem alikwenda kiwandani na kupata moja kwa kubadilishana na sarafu adimu ya dhahabu. Zile za toleo la kwanza zinazojulikana leo ni nane.

Bei ilipopanda, tamaa ikaingia ndani ya kiwanda chenyewe. Karibu mwaka 1858 zilifuliwa nyingine kwa siri, ukingo wake ukiwa mtupu bila maandishi. Iliyosalia ni moja, katika hifadhi ya Smithsonian, Washington. Ukiichunguza utaona mabaki ya picha ya sarafu ya Uswisi ya mwaka 1857 ambayo juu yake ilipigwa. Tarehe inasema 1804, kisahani chake kinasema si kabla ya 1857. Zipo na nyingine sita ambazo ukingo wake uliandikwa baadaye ili zifanane na za kwanza. Mojawapo ilimilikiwa na Henry Linderman, aliyekuwa mkurugenzi wa kiwanda hicho hicho. Jumla ni 15.

Kwa karibu miaka mia watu walibishana kama yoyote kati ya hizo ilifuliwa kweli mwaka 1804. Eric Newman na Kenneth Bressett ndio waliokata shauri kwa kitabu chao cha 1962, na njia yao inafaa kujifunzwa na kila mkusanyaji. Waliusoma ukingo. Katika dola za kweli za miaka ya 1790 herufi za ukingoni ziko wazi, kwa kuwa kisahani kilipigwa bila kuzungukwa na kitu. Katika dola za 1804 herufi zimebanwa na kupondeka, maana sarafu ilifuliwa ndani ya pete ya chuma inayoishika pande zote. Pete hiyo haikutumika Philadelphia mwaka 1804. Iliingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1820. Toleo la siri nalo lilijulikana kwa upande wa tai, ambao ulitoka katika muhuri tofauti na wa toleo la kwanza. Wakati kitabu kikiwa kwa mpiga chapa, seti ya mfalme wa Siam ikajitokeza ikiwa na dola yake ndani, ikathibitisha sehemu ya kidiplomasia ya maelezo yao.

Kwetu pwani hili la tarehe isiyobadilika halipaswi kushangaza. Reale ya Maria Theresa, iliyotawala masoko ya Maskati na Unguja katika karne ya 19, ina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, na iliendelea kufuliwa na tarehe hiyo hiyo hadi karne ya 20. Mfanyabiashara aliitaka vile vile alivyoizoea. Sura ikibadilika, aliikataa. Mtu mwenye reale ya 1780 ya nyanya yake huenda anashika sarafu iliyofuliwa miaka 150 baadaye. Kinachoitofautisha na dola ya 1804 ni makusudio, na makusudio hayasomeki usoni mwa sarafu. Husomeka katika hati.

Namna ya kuthamini

Tukija kwenye mizani ya soko, mthamini makini hufuata ngazi, wala haruki moja.

Ya kwanza ni uhalali. Dola za mwanzo zimeghushiwa kwa wingi, nyingi za kisasa zikitoka China. Pima uzito: ikipungua mno kutoka gramu 26.96 bila kuchakaa kwa kiasi hicho, kuna neno. Fedha haivutwi na sumaku. Soma ukingo wote, mzunguko mzima. Vipimo hivi humkamata mghushi mzembe. Mghushi hodari hukamatwa na mtaalamu anayeijua mihuri.

Ya pili ni mihuri yenyewe. Ilichongwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna miwili iliyo sawa: nyota hapa imesogea, tarakimu pale imeinama. Mwaka 1950 M. H. Bolender aliorodhesha tofauti za dola za 1794 hadi 1803, na mwaka 1993 orodha hiyo ikafanywa upya na Q. David Bowers na Mark Borckardt. Tofauti hizo zinazidi 100. Ufa mdogo juu ya muhuri ulikua kadiri ulivyotumika, na kwa urefu wa ufa mtaalamu hupanga ipi ilitangulia kufuliwa. Dola mbili za mwaka mmoja na uchakavu mmoja zinaweza kutofautiana bei mara kadhaa kwa sababu hiyo pekee.

Ya tatu ni daraja la hali yake. Soko hutumia kipimo cha 1 hadi 70, kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba. Tangu miaka ya 1980 kampuni za PCGS na NGC hupima sarafu, huipa namba, na kuifunga ndani ya kasha la plastiki. Namba hiyo husaidia, ila ni maoni ya wataalamu, na wataalamu hutofautiana.

Ya nne, inayowaumiza wengi, ni usafi wa asili. Fedha ya miaka mia mbili huwa na utando wa rangi, kijivu, buluu au dhahabu. Anayeisugua kwa majivu, kwa limau au kwa dawa ya meno ili ing'ae ameondoa ngozi ya juu ya sarafu pamoja na sehemu kubwa ya bei yake, na hakuna fundi wa kuirudisha. Dola nyingi zilitobolewa ziwe vidani kisha zikazibwa. Hizo nazo hushuka. Lakini tofautisha. Mikwaruzo ya tupa inayokutwa chini ya picha ilifanywa kiwandani kupunguza uzito uliozidi, na kizibo cha fedha katikati kiliwekwa huko huko kuongeza uzito uliopungua, kabla ya kufuliwa. Dola ya 1794 iliyouzwa Januari 2013 kwa dola 10,016,875, bei ambayo hakuna sarafu iliyokuwa imewahi kuifikia, ina kizibo cha namna hiyo na mikwaruzo ya tupa. Asiyejua angeziita kasoro.

Ya tano ni nasaba ya umiliki, na hapa dola ya Maskati inatufundisha kwa pande zote mbili. Mnyororo wake unajulikana kuanzia kwa C. A. Watters, mkusanyaji wa Liverpool, ambaye mali yake iliuzwa London 1917. Ikavuka kwenda Marekani, ikakaa na familia moja tangu 1945 hadi ilipouzwa Agosti 1999 kwa dola 4,140,000. Kila kituo kina karatasi. Kinachoiunganisha Liverpool na jumba la Sayyid ni hitimisho la wataalamu lenye nguvu, si stakabadhi. Ya Siam ilibaki na wenzake ndani ya seti, na seti yenyewe ikawa shahidi. Ya Maskati ilitengwa na sanduku lake.

Kwa hiyo, mwenye reale au dola ya zamani nyumbani asianze kwa kuuliza bei. Aiache na weusi wake. Aipime, aipige picha nyuso zote mbili na ukingo, kisha aandike ilitoka kwa nani, lini, na huyo aliipata vipi, angali hai anayeweza kueleza. Aandike na yale yenye mashaka, akiyataja kuwa ni mashaka. Mafundi wa Philadelphia waliandika kila dola iliyotoka 1804 ila hawakuandika ilikuwa na tarehe gani. Sentensi moja zaidi kitabuni ingewaondolea wakusanyaji ubishi wa karne nzima.